Tovuti Isiyo na Mteja

Tovuti ya mteja hapa Dar huwa haifi kwa kishindo. Inakufa kwa jina kutolipiwa. Kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kinalipiwa kila mwaka, barua pepe ya kukumbusha inakwenda kwenye anwani ya katibu muhtasi aliyeacha kazi zamani, hakuna anayeisoma, na siku ya siku ukurasa haufunguki. Nyingine zinapatwa na mengine. Meneja mpya anaingia na mpwa wake aliyemaliza chuo juzi, mpwa anafuta kila kitu na kuanza upya. Au WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, inaachwa bila kusasishwa mpaka wahuni wanaingia na kuijaza matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Au mwenye biashara anasema wateja wake wote wako Instagram, tovuti ya nini, na ukitazama daftari lake la mauzo unakuta hajakosea.

Mimi ni mtengeneza tovuti, na haya yote niliyajua kama mambo ya kikazi, ya kumtahadharisha mteja na kuyaweka kwenye mkataba. Yalinigusa mimi siku mtu wa shirika moja aliponiomba linki za kazi zangu, nikakaa kuzifungua moja moja kabla ya kumtumia. Hoteli ya Bagamoyo: kikoa kimechukuliwa na watu wa kubeti. Shule: ukurasa mweupe. Wakala wa utalii: mpwa. Kampuni ya usafirishaji ilikuwa bado hewani, ila walishaipaka rangi ambazo nisingependa jina langu lionekane karibu nazo. Miaka yote ya kukesha, na ushahidi uliobaki ni picha za skrini kwenye folda, ambazo mtu yeyote mwenye mchana mmoja wa bure anaweza kuzitengeneza.

Nilizituma picha hizo hizo. Nilizitumia pia kwa mama mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, aliyetaka tovuti ya kuuzia kwa jumla mikoani. Akazitazama kwenye simu yake, akaivuta miwani chini ya pua.

“Mwanangu, picha nimeziona. Sasa wewe mwenyewe uko wapi? Niandike nini nikuone?”

“Mama, mimi napatikana WhatsApp tu.”

“Fundi cherehani akija kwangu kachanika shati, nimpe majora yangu akashone?”

Kazi alinipa, lakini kwa bei ya mtu aliyechanika shati. Ndipo nikaamua kujijengea tovuti yangu mwenyewe, isiyo na mteja.

Nikiwaambia wenzangu wa Kijitonyama wajenge tovuti zao, wengi hunijibu kwamba wana profaili. LinkedIn ipo, GitHub ya kuwekea msimbo ipo, Instagram ipo. Sina ugomvi nazo, nazitumia zote. Ila mama wa vitenge hasomi msimbo wa GitHub, na hizo nyingine zina mwenyewe. GeoCities ilibeba mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida. Yahoo waliinunua 1999 na kuifunga 2009. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa Aprili 2019. Mwaka huohuo MySpace walikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi zilipotea wakati wa kuhamisha seva, zile kompyuta zinazohifadhi vitu vya mtandaoni. Na hapa nyumbani, Mei 2025, X, ile Twitter ya zamani, iliacha kufunguka bila VPN, programu ya kupitia njia ya pembeni. Kuna jamaa yangu alikuwa ameweka huko mafunzo yake yote ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, maelezo marefu mazuri yenye michoro, kazi ambayo ningejivunia kama ingekuwa yangu. Akabaki hawezi hata kumwelekeza kijana wa Tandika namna ya kuyasoma.

Wavuti yenyewe haikuanza hivyo. Tim Berners-Lee aliibuni pale CERN, Uswisi, na Aprili 30, 1993 CERN walitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya kila mtu, haina ada wala leseni. Kivinjari chako hakijali kama ukurasa umetoka kwenye kampuni yenye thamani ya mabilioni au kwenye chumba cha kupanga Sinza. Anwani inaitwa, seva inajibu, basi.

Suala la leseni, hata hivyo, lina historia yake kwetu, na sitalipita kimyakimya kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wasajiliwe na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na walipie leseni, na ada za kuanzia kwa jumla zilipita shilingi milioni mbili. Watu walifunga blogu zao. Kanuni zilitungwa upya 2020 na kufanyiwa marekebisho 2022. Anayetaka kuchapisha habari au uchambuzi wa siasa asome kanuni za sasa neno kwa neno kabla hajanunua kikoa, asisikilize ya kijiweni. Mimi naonyesha kazi zangu na kuandika jinsi ya kupanga fomu, na bado nilizisoma.

Upande wa gharama hautachukua muda. GitHub Pages inabeba kurasa za kawaida bure tangu 2008. Vyeti vya usalama, vile vinavyoweka ile kufuli kwenye anwani, Let's Encrypt wanatoa bure. Kinachobaki ni jina. Nilichagua la .me.tz, ambalo limetengwa kwa ajili ya watu binafsi, nikalipia kwa simu kwa msajili wa hapa hapa mjini. Wapo wanaosema .com ina heshima zaidi. Inategemea unamwandikia nani. Mteja wa Kariakoo akiona .tz anajua akikasirika atanipata. Jambo moja tu nilijiwekea kama sheria: anwani ya kupokelea vikumbusho vya malipo isiwe kwenye kikoa hichohicho. Kikiisha muda, na barua pepe zake zinakatika pamoja nacho.

Ugumu ulianza baada ya hapo, na ulikuja kutoka upande ambao sikuutazamia. Upande wa mashine ulinichukua wikiendi. Maneno yalinitesa kwa muda mrefu zaidi.

Kila mtengeneza tovuti anamjua mteja wa “maandishi nitakutumia kesho”. Umeshamaliza kila kitu, ukurasa wa “Kuhusu Sisi” bado una maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi, na kesho haifiki. Tulikuwa tunawacheka sana hao watu. Basi nikakaa mbele ya ukurasa wangu mwenyewe, kishale kinapepesa, natakiwa kuandika aya moja ya kusema mimi ni nani na nafanya nini. Nikaandika “mtaalamu wa suluhisho bunifu za kidijitali”. Nikafuta. Nikaandika kwa Kiingereza, kikasikika kama barua ya kuomba kazi. Nikafuta. Nikaenda kununua umeme wa LUKU ingawa uniti zilikuwepo.

Kilichonitoa hapo ni simu. Rafiki yangu alinipigia kuniuliza tu nilikuwa nashughulika na nini wiki hiyo, nikamweleza kama ninavyomweleza mtu: natengeneza sehemu ya kuagizia dawa kwa duka la dawa la Mbagala, tatizo ni kwamba watu wanaandika namba zao za simu kwa kila namna, mmoja anaanza na 07, mwingine 255, mwingine anaweka alama ya kujumlisha na nafasi katikati, na mfumo wa malipo unataka namna moja tu. Nilipokata simu nikayaandika maneno yale yale. Ndiyo aya iliyopo mpaka leo, imebadilishwa mfano tu.

Tangu hapo simwombi mteja aniandikie chochote. Nampigia, namuuliza wiki hii amemhudumia nani na mtu huyo alitaka nini, naye ananijibu kwa sauti za WhatsApp akiwa kwenye mwendokasi, kelele za abiria nyuma yake. Kutoka kwenye sauti hizo napata kurasa mbili nzuri kuliko chochote ambacho angekiandika akiwa amekaa rasmi. Sidhani kama ningefika hapo bila kukaa mwenyewe kwenye kiti cha mteja.

Kiti hicho kinafundisha na mengine. Mteja akitaka picha inayozunguka ukurasa wa mbele, unamwekea, kwa sababu amelipa. Kwenye tovuti yako hakuna wa kumlaumu. Ile ya kwanza kabisa niliijenga kwa fremuweki kubwa la JavaScript, yaani rundo la msimbo uliokwisha kuandikwa kwa lugha ya programu ya kwenye kivinjari, kwa sababu nilitaka waajiri waone kwamba nalijua, kisha nikaifungua kwenye simu ya konda wa daladala ya Mbezi ninayemfahamu, simu janja ya bei ya chini iliyojaa video za singeli. Ikakaa nyeupe. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa inafunguka kabla sijapumua. Watu wanadhani tatizo ni bando peke yake, na kweli bando linaumia, lakini JavaScript ikishafika kwenye simu bado inapaswa kusomwa na kuendeshwa na kichakataji, na cha simu ile ni kidogo. HTML ya kawaida, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa, haina hiyo kazi ya ziada. Kivinjari kinaanza kuichora hata kabla faili halijaisha kushuka. Nikabomoa, nikaweka kurasa tupu za HTML na CSS, fonti ya simu yenyewe, picha chache zilizobanwa. Ukurasa wa mbele sasa ni mwepesi kuliko picha moja ya harusi inayotumwa kwenye kundi la familia. Na hakuna mwajiri hata mmoja aliyewahi kuniuliza fremuweki liko wapi.

Kijana mmoja asiyeona aliniandikia kwamba TalkBack, ile programu ya Android inayowasomea skrini, inaisoma tovuti yangu vizuri ilhali tovuti nyingi za Kiswahili inazisoma kwa matamshi ya Kiingereza, hata haelewi kitu. Sababu ni neno moja juu kabisa ya ukurasa: mahali pa lugha templeti nyingi huja zimeandikwa “en”, na watengenezaji hatuligusi. Mimi niliweka “sw” kwa sababu ukurasa niliuandika kuanzia mstari wa kwanza kwa mkono na hapakuwa na templeti ya kunirithisha. Nikapita kwenye tovuti zote za wateja nilizokuwa bado na funguo zake, nikabadilisha. Hakuna aliyenilipa, wala hakuna aliyegundua, isipokuwa labda wale waliokuwa wanazisikiliza.

Halafu ikaja Jumapili ile ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mji mzima ulikuwa unalalamika. Nikakaa kupima tovuti moja moja, na huko ndiko nilikojifunza jiografia ya kazi yangu. Mteja wangu mmoja alikuwa amelipia seva iliyoko hapa hapa Dar, kwa makusudi, ili iwe ya haraka kwa watu wa hapa. Tovuti yake ilisuasua vibaya. Seva ilikuwa inajibu papo hapo, lakini juu ya ukurasa kulikuwa na mstari mmoja unaoita fonti kutoka ng'ambo, na kivinjari kilikuwa kinaisubiri fonti hiyo kabla ya kuonyesha hata herufi moja. Umeme upo, seva ipo Kijitonyama, msomaji yuko Magomeni, na ukurasa umekwama kwa sababu ya umbo la herufi. Nakala ya tovuti yangu niliyokuwa nimeiweka kwenye seva ya ndani kwa majaribio ilifunguka kama kawaida, kwa kuwa haimwiti mtu yeyote. Jumatatu niliwapelekea wateja orodha ya vitu ambavyo kurasa zao zinaviomba nje ya nchi, na wawili wakakubali kulipia kuvirudisha nyumbani. Nisingekuwa na cha kulinganisha nacho, ningesema tu “mtandao mbovu” kama kila mtu.

Sasa nifike kwenye maandishi, maana tovuti isiyo na kitu cha kusoma watu hawarudi. Ushauri unaotolewa sana ni kwamba uandike mafunzo: HTML ni nini, CSS ni nini. Sikubaliani nao. Hayo yameandikwa vizuri na watu wengi, na huyaandiki vizuri zaidi yao saa nne usiku umechoka. Andika kile ulichokitafuta ukakikosa. Mimi nilianza na zile namba za simu. Nikafuatisha na shilingi: ukiiambia JavaScript ipange bei kwa fedha ya Tanzania, inaongeza sufuri mbili za senti mwishoni, kwa sababu orodha ya kimataifa ya sarafu bado inahesabu senti zetu. Lini mara ya mwisho muuza duka alikurudishia senti? Unaizima kwa mpangilio mmoja, mstari mfupi, lakini mpaka uupate.

Kilichosomwa kuliko vyote ni cha saa. Nilikuwa natengeneza fomu ya miadi ya kliniki. Wagonjwa wanachagua 2:00 wakimaanisha saa 2 asubuhi, mfumo unaelewa saa 8 usiku, na daktari anakuta orodha ya watu wa kuja wakati yeye amelala. Vitabu vyote vya programu vinaeleza kwa kirefu namna ya kushughulikia nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Hakuna kinachozungumzia watu wanaoanza kuhesabu saa jua likichomoza. Nikaandika jinsi nilivyofanya: mgonjwa anaona “saa 2 asubuhi” kwa maneno, mfumo unatunza 08:00, na kati yao kuna kipande kifupi cha kuongeza sita na kuangalia kama ni asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, kwa kuwa saa 11 ya alfajiri na ya jioni ni vitu viwili. Wanafunzi wa Mbeya wakaanza kuniandikia. Mtu wa Mombasa akanitumia namna yake, fupi kuliko yangu, nikaiweka na kumtaja kama alivyoomba. Sikuweka sehemu ya maoni wala fomu ya mawasiliano, barua pepe tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023 naona ni heri nisitunze taarifa za mtu ambazo sizihitaji.

Sitadanganya kwamba wateja wanamiminika. Kazi Dar inapatikana kwa mjomba, kwa jumuiya, kwa kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, na sijaona tovuti inayoshindana na mjomba. Inachofanya ni kumalizia maneno ya mjomba. Zamani akishanipendekeza nilikuwa naitwa ofisini, naeleza, natoa picha za skrini, naulizwa bei, naambiwa nipunguze. Siku hizi natuma linki kabla ya kwenda, wanakuja wamesoma, na kikao kinaanzia kwenye shida yao. Kwa kazi za mbali ndiko tofauti ilikokuwa kubwa: kampuni ya Nairobi walionisaili walikuwa wamesoma ile ya saa, na usaili wote ulikuwa ni wao kunieleza jinsi tatizo hilohilo linavyowasumbua. Hawakunipa zoezi la kuandika nyumbani.

Vijana wanaoanza nawaona wakikwama mahali pamoja: wanabadilisha muundo kila mwezi, leo nyeusi, kesho nyeupe, na tovuti haijawahi kwenda hewani. Mdogo wangu, weka ukurasa mmoja leo, hata kama ni jina, aya moja na kitu kimoja ulichokitatua. Utaona aibu wiki moja. Muundo utakuja wenyewe ukishakuwa na maneno ya kuupangia.

Hiyo ya saa, kwa taarifa, bado haijaisha. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, msomaji mmoja anayetengeneza mfumo wa tiketi ameniuliza swali ambalo kipande changu hakilijibu: abiria akichagua Ijumaa saa 9 usiku, afike stendi ya Magufuli Mbezi usiku gani? Kompyuta inasema Ijumaa imeanza saa 6 usiku, kwa hiyo ni ule usiku wa Alhamisi. Bibi yake abiria anasema usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata baada ya Ijumaa kuchwa, au kwa wazee wengine ni ule unaoitangulia. Kwa sasa nimemshauri aandike kama magazeti, “usiku wa kuamkia Jumamosi”, na aionyeshe tarehe zote mbili kwenye tiketi. Ameijaribu kwa abiria wa Songea. Nasubiri aniambie ni wangapi wamefika siku sahihi, kisha nitaisasisha makala.